Mtaro Wenye Vyama Viwili

Mume wangu ni katibu wa tawi la chama cha Ngazi. Kaka yangu, tumbo moja, ni mwenyekiti wa tawi la chama cha Kengele. Wote wawili wanakula kwangu. Kwa hiyo sera za taifa hili nazisikia kila siku, tena kutoka kwenye midomo iliyojaa chakula.

Maoni yangu kuhusu siasa ni mafupi. Mwanasiasa ni kama mgeni asiyeaga: amekuja kwa shida yako, anaondoka ametatua yake, na katikati hapo umempa kiti. Nikisema hivyo mezani, mume wangu hunitazama kwa huruma.

"Mama Pacha, wewe una stashahada kabisa. Unazungumzaje kama mtu asiyesoma?"

"Stashahada yangu ni ya ushonaji," namwambia. "Ilinifundisha kwamba suruali ikibana haisaidii kuihutubia."

Kaka hucheka hapo, lakini hucheka upande. Anajua na yeye atapata zake.

Karakana yangu ya ushonaji iko katikati ya mtaa, chumba cha chini, mlango unatazama barabara ya vumbi. Ndani kuna cherehani za umeme, meza ya kukatia na majora ya vitambaa yamesimamishwa ukutani. Ninashona na dada mmoja tunayemwita Redio, kwa sababu huwezi kumzima, na mama mmoja mtu mzima ambaye kazi yake ni vifungo na matundu yake. Mvua za mwaka jana maji yaliingia mpaka kwenye pedali. Mota moja ikafa, jora zima la kitambaa cheupe likageuka rangi ya chai ya maziwa. Safari hii tulikuwa tumepewa sare za shule ya msingi ya jirani, shule nzima, na mwalimu mkuu alikuwa amenionya waziwazi: zikilowa, mwakani kazi inakwenda kwingine. Na ikienda kwingine, Redio na mama wa vifungo wanakwenda nyumbani. Hakuna siasa hapo.

Kilichohitajika ni mtaro. Ule wa zamani ulikuwa umeshajaa mchanga na mifuko ya plastiki. Unaanzia juu, kwenye mashine ya kusaga nafaka, unapita mlangoni kwangu, unashuka mpaka kwenye kalavati, lile tundu la kupitisha maji chini ya barabara kuu. Kazi ya sepetu na mikono. Mikono ilikuwapo. Tatizo lilikuwa mikono ya nani.

Kengele walipokuja na masepetu, Ngazi walikimbilia ofisi ya mtaa kushtaki kwamba huo ni mkusanyiko usio na kibali. Ngazi walipoleta kokoto na saruji, vijana wa Kengele walikuja kukaa juu ya kokoto wakaimba mpaka sauti zikakauka. Kokoto zikabaki pale, kuku wakapata mahali pa kupumzikia.

"Kwani mkichimba pamoja mtakufa?" niliwauliza siku moja, mmoja huku na mwingine kule, sufuria katikati.

"Dada, hao watajisifu kwamba wamechimba wao," alisema kaka.

"Shemeji, nyinyi mnajua kuchimba watu tu," alijibu mume wangu.

"Na mvua ikija?"

"Ilani yetu imezungumzia mitaro," alisema mume wangu. "Ukurasa mzima."

"Basi nitauweka huo ukurasa mlangoni, uzuie maji."

Asubuhi iliyofuata nilimwambia Redio, kwa siri kubwa, kwamba Ngazi wamepanga kuchimba mtaro wote Jumamosi, watu wa Kengele waamke wakute kazi imekwisha. Nikamwambia pia, kwa siri kubwa zaidi, kwamba Kengele nao wamepanga hivyo hivyo. Nikamsihi asimwambie mtu. Alishika kifua akaapa. Nilipotoka kununua uzi, muuza mkaa wa jirani akanisimulia siri hiyo hiyo mimi mwenyewe.

Jumamosi jua halijapanda vizuri, mtaa ulikuwa umejaa masepetu. Kengele walishika upande wa juu, kwenye mashine ya kusaga, wamevaa fulana zao za waridi ambazo mwanaume mzima hawezi kuzivaa bila sababu. Ngazi walishika upande wa chini, barabarani, na wao kabla hata ya kuchimba walifanya jambo ambalo ni wao tu wangelifanya. Walianza na mwisho. Pale mdomoni mwa mtaro, unapoingia kwenye kalavati, walimwaga zege nene wakalisawazisha vizuri, likawa jukwaa. Juu yake wakasimamisha jiwe lenye jina la mgombea wao wa ubunge. Ilikuwa ni lazima jukwaa likauke kabla ya Jumatano, siku mheshimiwa atakapokuja kuzindua.

Halafu ndipo wakachimba. Sijaona watu wakifanya kazi vile. Muuza mkaa alisogeza kiti chake barabarani ili aone pande zote mbili.

"Nyie Ngazi, mnachimba mtaro au mnachimba viazi?" kaka alipaza sauti kutoka juu.

"Shemeji, pumzika, utavunjika kiuno bure!" mume wangu alijibu. "Mkishindwa tutawamalizia!"

"Kushindwa nyumbani kwenu!"

"Nyumbani kwetu si ndiko unakokula?"

Mtaa mzima ulicheka. Kengele wakaongeza kasi kwa hasira. Kadiri walivyokaribiana ndivyo walivyoshindana kwa kina. Wa juu wakifika magotini, wa chini wanashuka mapajani. Walikutana mlangoni kwangu, shimo limewameza mpaka viunoni, wote wakitweta, na kila upande ukashangilia kwamba umeshinda.

Niliwapa maji ya kunywa. Kisha nikajaza ndoo nikapanda nayo mpaka kwenye mashine ya kusaga, nikaimwaga mtaroni. Maji yalishuka vizuri, yakafika mlangoni kwangu, yakasimama. Nikajaza ndoo nyingine nikashuka nayo mpaka kwenye lile zege la Ngazi, nikaimwaga kando yake. Maji yalifikiri kidogo, yakageuka, yakarudi kwangu.

"Haa!" alisema Redio. "Yote yanakuja kwetu!"

Zege lilikuwa limeziba mdomo. Kalavati lipo wazi, pana, tayari kumeza mto, na mbele yake kuna jukwaa la mheshimiwa. Walikuwa wamenichimbia bwawa.

"Sisi upande wetu maji yanatembea," kaka alisema akijipangusa mikono. "Hilo la chini si letu."

"Zege haliguswi," alisema mume wangu. "Katikati ndiko kuna kasoro. Na katikati si yetu peke yetu."

"Katikati ya nani basi?" niliuliza.

 Walianza kukusanya masepetu yao.

Nyumbani tulizungumza, mimi na mume wangu, watoto wakiwa nje. Nilimwambia avunje lile zege. Safari hii alisema ukweli, na ukweli wake ulikuwa mdogo.

"Wananifikiria kwa udiwani. Mheshimiwa akija akakuta jiwe lake limevunjwa, mimi nimekwisha. Asimame pale, akate utepe, aondoke. Kisha tutalishughulikia."

"Lini?"

"Baada ya uchaguzi."

"Mvua nayo imejiandikisha kupiga kura? Itasubiri?"

"Mama Pacha, usinifanyie hivyo."

"Sijakufanyia kitu bado," nilisema, nikaenda kuanua nguo.

Jumatano wingu lilikuwa zito tangu asubuhi, jeusi upande wa juu, lakini Ngazi walifunga utepe wao na vipaza sauti vyao kama watu wasio na macho. Mheshimiwa alifika, mtu mnene mwenye viatu vinavyong'aa, akapanda juu ya zege. Mshereheshaji alikuwa wa kukodi, asiyeujua mtaa wala kutujua sisi, kazi yake ni kupiga kelele za furaha. Kengele walisimama ng'ambo ya barabara na masepetu na sururu zao mabegani, wakizomea kwa zamu.

Mheshimiwa alikuwa amefika kwenye neno "maendeleo" kwa mara ya tatu au ya nne mvua ilipoanguka. Haikuanza na manyunyu. Ilimwagika tu. Kutoka kwenye mashine ya kusaga maji yalikuja mbio, mekundu, yamebeba pumba, yakaingia kwenye shimo langu na kuanza kupanda. Niliona ukingo wa mtaro unatoweka. Niliona ulimi wa kwanza unalamba kizingiti cha karakana.

"Sare!" Redio alipiga kelele kutoka ndani. "Mama Pacha, sare ziko chini!"

"Pandisheni mezani!" nilijibu. Lakini meza ni moja, na shule ina watoto wengi kuliko meza yangu.

Nilichukua nyundo kubwa ya muuza mkaa, ile anayopasulia magogo, nikashuka mtaani na kanga yangu inachuruzika maji. Mume wangu aliniona nikiwa mbali. Alikuja kusimama mbele ya lile jukwaa, mikono imetandazwa.

"Ukilivunja hili," alisema kwa sauti ya chini, "umenivunja mimi."

"Basi sogea," nilisema, "nisije nikakosea."

Tulitazamana. Maji yalimtiririka puani. Yule bwana ni baba wa watoto wangu na sijawahi kumwona na sura ile, ya mtu anayeomba bila kutoa sauti. Nilimwonea huruma, Mungu ananiona. Lakini huruma haikaushi kitambaa.

Nilimzunguka. "Mheshimiwa," nilisema, "naomba ushuke."

Alimtazama mshereheshaji. Mshereheshaji alitazama karatasi yake iliyolowa, akanitazama mimi na nyundo yangu, na mwenyewe nadhani alifikiri kuna kitu amekisahau kwenye ratiba. Akainua kipaza sauti.

"Na sasaaa! Mama yetu kwa niaba ya akina mama wote wa mtaa huu, atafungua mtaro rasmi! Makofi!"

Watu wa Ngazi wakapiga makofi. Mheshimiwa, asitake kuonekana mjinga, alishuka akipiga makofi na yeye. Mpiga picha akasogea. Nikainua nyundo nikalipiga lile zege kwa nguvu zangu zote.

Lilipasuka ufa tu. Nikapiga tena. Jiwe lenye jina liliinama mbele kama mtu aliyesinzia.

Ng'ambo ya barabara kaka yangu aliona mambo mawili: zege la Ngazi linavunjwa, na Ngazi wanashangiliwa. Hilo la pili lilimuuma zaidi.

"Mtawaacha wavunje peke yao?" aliwafokea vijana wake. "Kengele! Ingieni!"

Wakavuka na sururu. Wa Ngazi nao, kuona waridi imevamia uzinduzi wao, wakaruka ndani ili wasionekane wamepokonywa. Nikasukumwa pembeni kwenye kazi niliyoianzisha mwenyewe. Nilisimama na nyundo yangu nikiwatazama wanaume wa vyama viwili wakivunja zege moja kwa hasira ya kutisha, kila mmoja akimwambia mwenzake apishe. Na aliyekuwa mbele kabisa, akilichomoa lile jiwe kwa mikono mitupu, alikuwa mume wangu. Sijamuuliza mpaka leo kama alikuwa analiokoa au analing'oa.

Kipande cha mwisho kilipotoka, mtaro ulikoroma. Maji yote yalikuja kwa mkupuo, yakampitia mheshimiwa miguuni, kiatu kimoja kikaenda nayo ndani ya kalavati, na mshereheshaji akapiga kelele za furaha kwa sababu ndiyo kazi yake.

Nilirudi mbio. Sakafu ilikuwa na tope jembamba mpaka karibu na meza. Sare za chini kabisa zilikuwa zimelowa pindo, za kufua na kupiga pasi tu. Mama wa vifungo alikuwa amesimama juu ya kiti amekumbatia rundo la sketi, amekataa kushuka. Cherehani zilikuwa kavu. Nikakaa.

Jioni walikuja wote wawili, mlango mmoja, bega kwa bega, wamelowa.

"Mheshimiwa amefurahi," alisema mume wangu, kama mtu asiyeamini anachosema. "Anasema ni ubunifu. Anataka uwe mwenyekiti wa akina mama wa tawi letu."

"Usimsikilize huyo," alisema kaka. "Dada, lile zege tumelivunja sisi. Kwetu utagombea udiwani kabisa."

"Mmevunja nyinyi? Shemeji, nani alipiga la kwanza?"

"La kwanza halihesabiki, lilipasua ufa tu!"

"Vile vipande mlivyovivunja viko wapi?" niliuliza.

Wote wawili waligeuka kutazama barabarani.

"Viko mtaroni. Vikisukumwa na maji usiku wa leo, kalavati linaziba. Nendeni mkavitoe."

Mume wangu alimtazama shemeji yake. "Vingi ni vya upande wenu."

"Zege lenu, vipande vyetu? Hebu kuwa na aibu!"

Niliwasha mota, nikaingiza pindo la sketi chini ya sindano, na kukanyaga pedali mpaka mwisho. Midomo yao iliendelea kuchezacheza pale mlangoni. Nilipoinua kichwa kukata uzi hawakuwapo, na kutoka kule chini barabarani nilisikia sururu mbili zikigonga, kila moja ikijitahidi kugonga kwa sauti kuliko nyingine.