Doa la Karatasi ya Nne

Mpaka leo nikiliona doa lile damu inanichemka.

Karakana yetu ya kuchapa kwa mawe ilikuwa Albuquerque, Marekani, nyuma ya duka la matairi, na mwaka ule wa 1971 nilikuwa nangoja kitu kimoja tu: muhuri wangu mwenyewe. Mchapaji akishafuzu hupewa muhuri mdogo wa chuma wa kugandamiza pembeni mwa karatasi. Hauna wino, unaacha alama tu ya kuhisi kwa kidole, kuonyesha nani kaichapa. Wendell Pruitt, mkuu wa karakana, aliniahidi mbele ya watu: "Kazi ya Hoekstra ikitoka salama, Darlene, muhuri ni wako."

Lyle Hoekstra hakuchora mtu wala mlima. Alikuwa msanii wa maneno. Safari hii alikaa siku mbili akiandika juu ya jiwe, kinyumenyume, ili yakichapwa yasomeke sawa: NILISHAKUAMBIA. HUSIKII. Herufi nene, nyeusi, basi. Mtu mwenyewe alikuwa na maringo, lakini mkono alikuwa nao.

Siku ya majaribio nilitoa karatasi sita. Kwenye ya nne simu ililia, nikachelewa kulilowesha jiwe kwa sponji, likakauka kidogo na wino ukashika pasipotakiwa. Likatokea doa la kijivu chini ya neno la pili. Nikaiweka kando nije niitupe. Ya sita ilitoka safi mpaka nikapiga mluzi.

Hoekstra akaingia na burito, chapati ya kukunjia maharage, mkononi, teksi ya kiwanja cha ndege inamngoja nje. Akachukua ya nne.

"Hiyo hapana, ina..."

"Subiri, dada. Naangalia."

"Lyle, nakwambia hiyo ina doa!"

"Nyie wachapaji kwa wasiwasi, mmh! Mtakufa na presha." Akaandika kwa penseli pembeni: sawa, chapeni. Akatia saini, akaenda zake na burito lake.

Kwetu karatasi iliyosainiwa hivyo ndiyo sheria. Nakala zote lazima zifanane nayo, na majaribio mengine yanachanwa kabla kazi haijaanza.

"Wendell, lile ni kosa langu, si mchoro wake," nikasema.

"Kasaini."

"Si umpigie simu basi!"

"Nimepiga mara tatu tangu jana alipoondoka. Mkewe anasema yuko Maine, kwenye kibanda kisicho na simu, mpaka Novemba. Na jiwe hilo linahitajika Jumatatu kwa kazi ya mtu mwingine. Chana, Darlene."

Nikaichana ile ya sita kwa mikono yangu mwenyewe, vipande vinne. Nilitamani kumchana Hoekstra.

Sasa jaribu kufanya ajali ileile mara thelathini, idadi ya nakala alizoagiza. Nilikuwa nahesabu kabla ya kupitisha sponji. Nikiishia nane, doa halitoki kabisa. Nikifika kumi, linatapakaa mpaka kwenye herufi. Tisa ndiyo tisa. Siku tatu nilishinda nahesabu kwa sauti kama kichaa, nikaharibu karatasi arobaini ili nipate thelathini zenye uchafu unaofanana. Kisha tukalisaga jiwe kwa mchanga na maji mpaka maneno yakafutika.

Novemba Hoekstra akaja kusaini nakala. Akafunua ya kwanza, ya pili, ya tano.

"Mjinga gani kapaka uchafu kwenye zote?"

Wendell akamwekea mbele ile ya nne, yenye saini yake. Akaipeleka dirishani, akairudisha.

"Lakini kulikuwa na moja safi. Naikumbuka."

"Niliichana," nikasema.

"Basi chapeni upya."

"Jiwe limeshasagwa."

"Sasa mbona hukuniambia, Darlene?"

Nilishika nakala ya juu nikampitishia kidole chini ya maneno yake mwenyewe, la kwanza, kisha la pili. Hakucheka. Akavuta kiti, akasaini zote thelathini bila kuinua kichwa.

Alipotoka, Wendell akanipa muhuri wangu ndani ya kiboksi cha kiberiti. "Hapa si lazima uupige," akaninong'oneza. "Ngoja kazi nyingine iliyo safi."

Nilikuwa na hasira ya kulia. Kazi ngumu kuliko ile sikuwahi kuifanya, na ndiyo niifiche? Nikaugandamiza muhuri mara thelathini, kila mara kando ya doa.