Kapasita ya Pembeni

Niseme mapema ili nisije nikajipamba: sikusahau. Ile kapasita niliitoa kwa koleo langu mwenyewe, nikaitupia kwenye kifuniko cha chupa, nikaona yameisha. Mjinga mkubwa mimi.

Mizani ilikuwa ya zahanati anakofanya kazi dada yangu mkubwa, nesi wa chumba cha kupimia watoto wachanga. Ilikuwa imezimika kabisa. Nilipoifungua nikakuta kapasita moja, kile kidude cha kutuliza umeme, imeungua, ndogo kama punje ya mtama, imebanana na mguu wa umeme wa ile chipu inayogeuza uzito kuwa namba. Kuitoa tu, mizani ikawaka.

Ya kuweka badala yake sikuwa nayo. Nikatazama mchoro. Sasa kwenye mchoro, kapasita hizi hazichorwi karibu na chipu. Mchoraji huzipanga zote pembeni mwa karatasi, sita kwa mstari, kama vikombe vilivyooshwa. Zote zimeungwa sawasawa, kwa hiyo nikajiambia, sita toa moja zinabaki tano, shida iko wapi? Kumbe pembeni ni pa kwenye karatasi tu. Kwenye bodi kila moja ina mguu wake wa kulinda, umeme ukitikisika chipu isibabaike. Na hayo nilikuwa nayajua, jamani. Uvivu tu.

Wiki ya pili dada akanipigia simu.

"Mdogo wangu, namba zinarukaruka. Leo kuna mtoto kapungua gramu mia tatu kabla sijamaliza kumvua soksi."

"Hapa mezani ilitulia tuli," nikamjibu kwa ukali. "Macho yamezeeka hayo, katafute miwani!"

Akacheka. Nilipokata simu nikakitazama kile kifuniko cha chupa, kisha nikakisukuma nyuma ya redio.

Siku kumi baadaye akaja shemeji, mume wake, amesimama mlangoni bila kukaa. "Dada yako wanasema anaandika uzito wa kubuni. Leo saa nne yuko mbele ya msimamizi. Huenda kazi ndiyo imekwisha."

Nikachukua kapasita mpya, maana nilizoagiza zilikuwa zimeshaletwa, ziko kwenye droo siku nne nzima, nikabeba na chuma cha kuchomelea, nikaondoka mbio na aproni yangu.

Nikaingia ofisini bila hodi. Dada alikuwa ameketi mbele ya msimamizi, mama mmoja mnene mwenye kalamu mbili kifuani. Barua ya kukiri kosa iko mezani, dada ameshaitia saini. Na usoni alikuwa na miwani mpya.

"Kosa ni langu mimi," nikasema. "Yeye hana kosa."

Msimamizi akanitazama aproni. "Wewe ndiye nani?"

"Mimi ndiye fundi. Twendeni kwenye mizani."

Nikaweka juu yake chupa ya maji. Namba ikatulia. Tukasubiri, mimi jasho linanitoka, mpaka friji ya chanjo pale ukutani ikanguruma, ikatikisa umeme. Namba ikaruka, ikashuka, ikaruka tena. Nikafungua mizani, nikachomelea kapasita mpya pale pale mguuni pa chipu. Friji iliponguruma tena, namba haikutikisika.

Msimamizi akaichana barua. Akasema watoto wote wa wiki hizo watapimwa upya, na mizani yoyote ya zahanati isinikaribie tena. Nikasema sawa. Ningesema nini?

Tulipobaki wawili nikamwambia, "Dada, kwa nini ulitia saini? Si uliziona namba zikiruka kwa macho yako?"

"Niliziona," akasema. "Lakini wewe ulisema mizani ni nzima."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni lake la kazi, akanishikisha mkononi.