Bendeji za Shemeji

Kwenye ukumbi wetu wa ndondi kuna sheria moja ambayo haijaandikwa ukutani kwa kuwa kila mtu anaijua: hakuna anayetoka mlangoni na bendeji mikononi. Mimi ndiye ninayezifunga, mimi ndiye ninayezikata. Naanza na bendeji laini, vidole, kiganja, kifundo, kisha plasta juu yake tabaka kwa tabaka. Ikishalowa jasho na kukauka, ngumi ya mtu inakuwa tofali, na tofali si kitu cha kutembea nacho nyumbani kwa watu. Mabondia wananiita Mzee wa Plasta. Kwa miaka ishirini na sita nimeivunja sheria hiyo mara moja tu.

Mara hiyo moja mdogo wangu alipoteza jicho.

Breki alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo. Jina hilo walimpa kwa utani, maana ulingoni breki ndiyo kitu alichokosa. Aliyewakutanisha ni mimi. Dada ni fundi cherehani, wakati ule alikuwa akitushonea kaptula za mapambano, nikamtuma Breki akapimwe kiuno. Alirudi baada ya saa tatu nzima. Tulimcheka wiki nzima, na baadaye tukala harusi.

Jioni ninayoisema ilikuwa wiki moja kabla ya pambano lake kubwa. Chipukizi mmoja alimwangusha mazoezini, mbele ya watu. Breki akavuliwa glavu, akaja kwangu amevimba kwa hasira. Mimi nilikuwa nafunga mikono ya bondia mwingine.

"Nikate, naondoka."

"Subiri zamu yako."

"Sisubiri."

Nikacheka. Nikamwambia, "Basi nenda, mkeo atakukatia. Mkasi wake mkali kuliko wangu."

Nilimwona alivyokuwa, hilo sifichi. Uso wake niliuona vizuri na bado nikatania.

Mahakamani daktari alieleza kwamba mkono mtupu kwa kawaida hauvunji mfupa wa uso namna ile. Wakaniita mimi. Nikaapa, nikasema bendeji nilizikata mwenyewe kama siku zote. Breki, kizimbani, aliniangalia mara moja kisha akainamisha kichwa. Uongo wangu ulimfaa na yeye, maana bendeji alikuwa ameshazitupa. Dada, nusu ya uso imefunikwa pamba, alisema hakumbuki kitu baada ya mume wake kuingia. Breki akafungwa miaka sita. Mimi nikarudi kazini, nikafunga mikono ya watu wengine.

Sasa katoka, na kaomba leseni yake irudishwe. Kamati ya ndondi ikapanga kumsikiliza siku ya Alhamisi, na mimi niwepo kama mtu aliyekuwa kwenye kona yake, msaidizi wake ulingoni. Dada akaandikiwa kwamba akiwa na pingamizi alete kwa maandishi, na likifika pingamizi lake faili linafungwa, hakuna atakayesikilizwa. Mtaani hapakuwa na habari nyingine. Kinyozi alisema mtu akishatumikia kifungo chake mwacheni apumue. Muuza magazeti alisema kazi ziko nyingi, akabebe mizigo, kwani lazima apigiwe makofi? Mimi nilikuwa upande wa muuza magazeti, tena kwa sauti kubwa, na watu walitikisa vichwa kwa kunihurumia. Kaka mwenye uchungu, walisema.

Jumatatu Breki alikuja ukumbini asubuhi, kabla ya watu. Alikuwa amekonda, nywele za pembeni zimeanza kuwa nyeupe. Alisimama mlangoni mpaka nilipomwambia aingie.

"Shikamoo, shemeji."

Nikaitikia shingo upande.

"Alhamisi nitawaambia kuhusu bendeji," akasema. "Kwamba hazikukatwa."

Nilidhani sikumsikia sawasawa. Nikamuuliza kama akili zimebaki gerezani. Nikamweleza kwamba leseni hataipata, na huenda wakamfungulia kesi upya.

"Huenda," akasema.

"Sasa unaomba leseni ya nini?"

"Sijui kazi nyingine, shemeji. Lakini sitaki kurudi juu ya uongo. Nimekuja kukwambia mapema ili ujipange."

Angekuja kunitisha ningejua la kufanya. Ningemfukuza, ningemtukana, ningelala usingizi. Lakini alisema ujipange kama mtu anayemwambia mwenzake mvua inakuja, kisha akaaga na kuondoka. Nilikaa kwenye benchi nikiwa na hofu ambayo sikuwahi kuijua hata siku ya kiapo. Leseni yangu ya kona ingekwenda, hilo nililijua. Lililonikausha mate ni dada. Angejua.

Jumatano alasiri nikaenda kwake. Anakaa vyumba viwili, kimoja cha kulala na kingine cha cherehani. Kazi za ulingoni aliziacha. Siku hizi anashona foronya na mapazia, vitu vyenye mshono mrefu ulionyooka, na ukingo wa kitambaa anaufuata kwa kidole kabla ya kuuingiza chini ya sindano. Binti yake wa miaka tisa alikuwa chumba cha pili akifanya kazi za shule. Alinisalimia kupitia pazia, "Shikamoo, mjomba," na penseli yake ikaendelea kukwaruza.

Nikavuta kiti. Nikamwambia dada aandike pingamizi leo hii, mimi mwenyewe nitalipeleka.

"Hutaki arudi ulingoni?" akauliza.

"Mtu kama yule hastahili nafasi ya pili." Nikamkumbusha sheria ya kamati: bondia akipofuka jicho moja, daktari anamnyang'anya leseni maisha yote, hata awe bingwa. Hapewi nafasi ya pili wala ya nusu. "Sasa aliyeliharibu la mwenzake ndiye arudishiwe? Haki iko wapi hapo?"

"Maneno mazuri," akasema. "Umeyafanyia mazoezi?"

Na yalikuwa mazuri. Hata sasa nikiyarudia sioni kosa ndani yake.

Dada akasimamisha cherehani kwa kiganja. "Wakimsikiliza, kaka, atasema nini?"

Nikatazama rundo la foronya.

"Siku ile aliingia amekunja uso," akaanza. Alisema polepole, bila kupandisha sauti, kwa sababu ya mtoto. "Akaninyooshea mikono. Akasema, kaka yako kasema unikatie. Mimi nikacheka, nikasema kaka naye bwana, kanifanya mimi msaidizi wake. Nikainama kwenye droo hii kutafuta mkasi. Nilipoinuka nao akasema nimechelewa, nami namcheka kama wale wa ukumbini. Ndipo aliponipiga."

Nikaitazama ile droo.

"Plasta niliisikia usoni," akasema. "Najua harufu ya dawa unayopaka kwenye bendeji."

"Kumbe ulikumbuka."

"Nilikumbuka kila kitu."

"Mbona mahakamani..."

"Mume alikuwa anakwenda jela. Nikasema angalau nibaki na kaka."

Ningependa kuandika kwamba nililia. Sikulia. Niliona aibu, aibu ya kutaka sakafu ifunguke, na katikati ya aibu hiyo nilikuwa bado napiga hesabu kama pingamizi litafika kabla ofisi hazijafungwa. Ndivyo nilivyo, na sitajipaka rangi.

"Miaka sita," dada akasema. "Kila Jumapili umekaa kwenye kiti hicho. Kila Jumapili nilikuwa nasema moyoni, leo atasema. Yule ameniandikia barua kutoka gerezani, zaidi ya moja. Sijamsamehe, na sijui kama nitamsamehe. Lakini aliomba. Wewe ulikuwa unaniuliza kama mashine nimeitia mafuta."

"Naomba unisamehe, mdogo wangu."

"Kwa sababu umebanwa."

"Ndiyo."

"Basi kesho kaseme mbele yao, halafu ndiyo uniombe. Na pingamizi siandiki. Nikitaka kumkataa nitamkataa kwa mdomo wangu mwenyewe, si kwa ajili ya kukufichia wewe." Akarudisha mguu kwenye kanyagio na mashine ikaanza kunguruma.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu, chupa za maji na watu watano waliovaa suti. Breki alikaa upande mmoja, mikono juu ya magoti. Dada alikuja, alikaa nyuma karibu na dirisha. Mwenyekiti alipomwita Breki, nikanyoosha mkono kama mwanafunzi na kuomba nitangulie.

Nikawaambia. Nilimwona ana hasira, nikamwacha atoke mlangoni na bendeji ngumu mikononi, nikamtuma kwa mkewe kwa mzaha, kisha nikaapa uongo. Mwenyekiti alinitaka nirudie mara mbili, karani akaandika. Breki naye akathibitisha. Leseni yangu ya kona ilisimamishwa palepale, na tukaambiwa maelezo yetu yanakwenda kwa wanasheria, yangu kuhusu kiapo cha uongo na yake kuhusu kosa la bendeji. Ombi lake likawekwa kando mpaka sheria imalizane naye.

Halafu mwenyekiti akamgeukia dada, akamuuliza kwa upole kama ana la kusema juu ya Breki kurudi ulingoni.

"Leo nimekuja kumsikiliza kaka yangu," akasema. "La huyu mtaniuliza siku nyingine."

Nilimkuta nje, juu ya ngazi. Nikamwomba tena, safari hii bila kubanwa na mtu. Alinitazama kwa muda mrefu, mpaka watu waliokuwa wakipita wakaanza kutukwepa.

"Bado, kaka," akasema.

Akaanza kushuka, akipapasa kila ngazi kwa ncha ya kiatu kabla ya kuikanyaga. Nilitaka kumshika mkono, lakini sikujua kama bado naruhusiwa, nikabaki nimesimama pale juu nikimhesabia ngazi mpaka alipofika chini.