Usijikaze

…usijikaze, anasema Daktari Leticia, na mimi nataka kucheka, nisijikaze! miaka tisa naambiwa jikaze, leo nimelala chali mapaja wazi, kipimo kiko ndani, baridi ya jeli inanipanda mpaka kwenye meno, ndio naambiwa nisijikaze… jikaze Samiha, mavyaa hachoki, mama yake mume wangu Miraji, chango tu hilo, maumivu ya mwezi, kila mwanamke analo, chemsha mizizi unywe, nikanywa, nikanywa michungu mpaka ulimi ukafa ganzi, shikamoo mama, marahaba, umejikaza lakini? na yule wa zahanati aliyenipa vidonge viwili bila hata kuinua macho, kawaida dada, na Miraji na godoro lake, kila mwezi analitazama lile doa kama nimelimwagia makusudi… "Unaona, dada Samiha," daktari ananigeuzia kioo cha mashine, "huu ukuta wa kizazi, huku mwembamba, huku umevimba, ile ngozi ya ndani imejipenyeza kwenye nyama, inavuja damu humo humo kila mwezi, inaitwa adenomiosisi," anasema na mengine, sijui em-ar-ai, sijui kamera ya kuchungulia, simsikii, naangalia weusi na weupe, vitobo vitobo, kumbe wewe! kumbe upo, una sura, una jina, na hapo nje wamekaa wote wawili kwenye benchi, mama na mwanawe, mavyaa kanitangazia asubuhi uani, Makorora nzima imesikia, ukikutwa mzima, Ijumaa mwanangu anaoa mwingine, hatufugi mdeko sisi, mdeko! nilizimia harusini kwa Nasma na sinia la pilau mikononi, wakaokota wali kwanza, wallahi, wali kwanza, mimi baadaye, na nilipofumbua macho nikaomba radhi, mimi! nikaomba radhi kwa ajili ya wali… "Hapa panauma?" anakandamiza, yarabi, na lile jibu limeshafika mdomoni, kidogo tu daktari, nimelizoea kama salamu, "Kidogo?" ananisaidia yeye, kalamu mkononi, anataka kuandika, na akiandika kidogo ndilo litakalosomwa pale nje, kidogo, mzima, Ijumaa… "Panauma," nasema, "panauma sana!" sauti inatoka kubwa, mlango wenyewe mbao nyembamba, benchi liko pale pale, na wasikie, "panauma miaka tisa, andika hivyo hivyo, miaka tisa!" daktari anaandika, anashika tena kipimo, anakandamiza pale pale, usijikaze, anasema, na sijikazi.