Jumatano ya Kina Mama Wastaafu

Kitinda mimba wangu ndiye meneja wa uwanja wa gofu. Ulipofunguliwa uwanja mwingine ng'ambo ya mto, nyasi zake laini kama zulia jipya, usingizi ukamruka. Tajiri wake alishamwambia: wateja wakizidi kupungua, tunafunga.

Siku moja nikamtania ili acheke. "Kitendawili!"

"Tega, mama."

"Nampiga fimbo kutwa, akitumbukia shimoni nashangilia."

"Mpira wa gofu. Niache basi, nina kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa kubadili zamu. Kila Jumatano asubuhi walicheza kina mama wastaafu, na kiongozi wao alikuwa bibi mmoja ambaye wote tulimwita Mkunga, kwa kazi yake ya zamani. Walikwenda mwendo wa kinyonga, kila shimo wanasimama kuulizana hali za wajukuu, kisha wanajazana mgahawani mpaka adhuhuri. Binti yangu akawasogeza saa saba, jua la utosi. Asubuhi akawapa wakubwa wa makampuni.

"Si wana nafasi, mama? Hawaendi kazini."

Mkunga hakugomba. Alisema tu, "Haya, mwanangu," na Jumatano iliyofuata hatukuwaona.

Wale wakubwa walicheza mbiombio, simu masikioni, wakaondoka bila hata kunywa chai. Haukupita muda nao wakahamia ng'ambo. Huko ndiko walikokuwa wameshahamia kina mama wa Jumatano, ambao ndio mama zao na wake zao, na siku za mapumziko familia nzima inakula hukohuko.

Ndipo binti yangu akaniomba nimsindikize ng'ambo kwenda kuwarudisha kina mama. Mkunga alipomwona, akamkumbatia.

"Umekonda, wewe! Hawakulishi?"

"Bi Mkunga, nimekuja kuomba radhi. Nimekosa. Jumatano asubuhi ni yenu."

"Ah, tulishakusamehe zamani. Hatuna kinyongo."

"Basi mtarudi?"

Mkunga akawatazama wenzake. Wote wakainamisha macho.

"Hawa wa huku walitupokea tukiwa hatuna pa kwenda, mwanangu. Tukiwahama leo, tutakuwa tumewafanyia kama ulivyotufanyia."

Binti yangu alikuwa amejiandaa kutukanwa. Kusamehewa ndiko kulikommaliza nguvu. Tuliporudi garini hakuwasha injini.

"Mama, wafanyakazi nitawaambia nini?"

Nikamshika mkono, tukakaa vivyo hivyo, huku kule uwanjani wenzake wakimzomea Mkunga kwa kukosa shimo.