Rangi Isiyoshikwa na Kitu

Sumeya alikuwa ameipindua mashua yake ukingoni mwa mto, kijijini Ozi, anakwangua chaza walioganda chini yake kwa panga butu. Kando yake palikuwa na kopo la rangi nyekundu ambalo nduguye Farid alilileta kutoka Garsen, na sufuria ya mafuta ya ng'ombe ya kuchanganyia deheni, ile ya kupaka chini ya chombo. Chokaa ya deheni hakuwa nayo.

"Paka hii, dada," alisema Farid. "Muuzaji ameapa, haishikwi na kitu."

Sumeya aliendelea kukwangua. Alikuwa na hasira, na haikuanza leo. Baba yake hakuwahi kununua rangi. Mashua ikirudi kutoka baharini aliiacha mtoni siku chache, maji matamu yakawaua chaza, wakapukutika wenyewe. Siku hizi maji yamefungwa huko juu kwenye mashamba ya wakubwa, bahari imepanda mpaka Ozi, mpunga umekauka na chaza wananenepa. Mwezi uliopita mashua ilikuwa nzito hata makasia yakashindwa, na Fartun wa dukani akajifungua njiani kabla ya kufika zahanati ya Kipini. Mtoto hakulia.

Adhuhuri alikuja afisa wa maji kuzungumza na wananchi. Alikuwa amejipaka. Rangi ileile nyekundu ilionekana shingoni, juu ya kola. Watu waliiona, wakavuta viti wakaketi.

"Bwana afisa," alisema Sumeya, "mto wetu kaufunga nani?"

Swali lilimfika kifuani, likateleza, likaanguka chini likiwa gamba jeupe la chaza. Fartun akauliza la mtoto wake. Nalo likaanguka. Wakauliza wote, mpaka magamba yakamfika afisa magotini. Alishukuru kwa mapokezi mazuri, akapanda boti yake akaenda zake.

Farid bado alikuwa ameshika kopo. "Umeona lakini, dada? Inafanya kazi."

"Nimeona. Chombo kisichoshikwa na kitu, mama mwenye uchungu atajishika wapi? Irudishe Garsen."

Alichukua ufagio akayazoa magamba, la Fartun akaliweka juu, akayachoma kwa kuni za mkoko mpaka yakawa chokaa. Aliisonga na mafuta, akaipaka mashua kwa kiganja. Ilitoka deheni nzuri, yenye harufu ileile ya zamani.

Afisa huja kila mwezi. Watu humwuliza, maswali huanguka, Sumeya huyazoa. Ozi haina tena shida ya chokaa. Maji ya kunywa bado ni ya chumvi.