Korido ya Mama Itafaa

Wazazi wake walimpa jina jingine, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Itafaa, na alikuwa ameshazoea kiasi kwamba akiitwa kwa lile la kwanza alidhani anaitwa mtu mwingine. Kopo la rangi lililokwisha, alisema litafaa. Mwavuli uliovunjika mbavu, utafaa. Kiti kisicho na mguu, kitafaa; nyaya za redio iliyokufa, zitafaa. Kiambishi cha mwanzo kilibadilika kulingana na kitu, kama sarufi inavyotaka. Hukumu haikubadilika.

Vitu hivyo vyote vilikaa kwenye korido, maana vyumba vilijaa zamani. Korido ilitoka chumba cha kulala, ikapita jikoni, ikapiga kona, ikaishia msalani. Mama Itafaa aliipita kiubavu, tumbo ndani, bila kufikiri. Mumewe, fundi bomba mwenye mabega mapana, aliipita vivyo hivyo, mpaka siku alipoteleza kwenye ngazi akifunga tangi la maji juu ya paa la watu, akavunjika nyonga.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Fundi alianza kusimama, kisha kutembea akishikilia chuma cha kutembelea, kile chenye miguu minne kinachosukumwa mbele hatua kwa hatua. Kabla ya kumruhusu kutoka, mtaalamu wa viungo wa hospitali alikuja kuitazama nyumba. Alikuwa msichana wa maneno machache. Alisimama mwanzo wa korido, akaangalia, hakujisumbua kuingia.

"Mama, chuma kinatakiwa kipite kutoka kitandani hadi msalani bila kuinuliwa. Akikiinua, ataanguka. Akianguka, tutarudi nyuma kuliko tulipoanzia."

"Nitasogeza sogeza, mwanangu."

"Nitapita tena kuangalia. Kama haipitiki, atakwenda kwa dada yake mpaka apone kabisa."

Hapo ndipo Mama Itafaa alipoitazama korido upya. Dada wa fundi alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na nyumba yake ilikuwa safi kiasi kwamba hata vumbi lilibisha hodi kwanza. Mama Itafaa alimpenda wifi yake kwa kiwango kinachostahili wifi. Lakini kumpeleka mumewe huko kulikuwa na maana moja tu: angekwenda kumtazama mume wake kama mgeni, akalie kiti cha watu, aulizwe kama atakunywa chai, kisha atazame saa na kuaga. Wala hapakuwa na mtu wa kumwambia mambo hayo yangechukua muda gani.

Akaingia kazini. Alitafuta maboksi ya plastiki yenye vifuniko, makapu na rafu ya chuma ya kusimama. Akakunja, akapanga, akafunika, akabandika karatasi zenye maandishi: MIFUKO, KAMBA, VIFUNIKO VISIVYO NA VYOMBO. Alipomaliza alirudi nyuma akatazama, akaona ni kazi ya kupigiwa picha.

Mwalimu alikuja kesho yake akiwa amekibeba chuma cha kaka yake. "Nimekiazima hospitali," alisema. "Tusikisie. Tupime."

Akasimama kando ya kitanda, akajikunja mgongo, akaanza safari akiguna kama kaka yake. Mlango wa chumba alipita. Hatua chache mbele, miguu ya chuma ikagota kwenye boksi la upande huu. Alipokigeuza, kikagota upande wa pili. Akasimama.

"Wifi, kaka yangu hapa angekuwa ameshajikojolea."

"Acha masihara! Huoni nilivyopanga?"

"Naona. Mzigo ni ule ule, ila sasa umevaa sare."

Mama Itafaa alijiandaa kukasirika, akakosa pa kuanzia. Chuma kilikuwa kimekwama mbele ya macho yake, na chuma hakina wifi.

"Niambie ukweli," alisema. "Umekuja kunisaidia au umekuja kumchukua mume wangu?"

Mwalimu akaketi juu ya boksi la KAMBA. "Kitanda nimeshamtandikia. Lakini yule anakoroma tangu akiwa mtoto, tulilala chumba kimoja, nakumbuka. Na mimi sasa nimezoea kimya. Nikusaidie, wifi. Nisaidie na mimi."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliowahi kulala jirani na mkoromo mmoja.

Mwalimu alitoa masharti kama alivyokuwa akiyatoa darasani. Hawatagusa nyumba nzima. Wataanzia kitandani na kufuata njia ya chuma, na kisichokuwa njiani kisubiri. Hawatafungua albamu za picha, kwa sababu mtu akifungua albamu kazi imekwisha. Na vya fundi havitatupwa. Sharti hilo lilimuuma Mama Itafaa, maana alikuwa ameshaliinua boksi la koki mbovu za mumewe kwa furaha kubwa.

"Rudisha," alisema Mwalimu. "Mwenyewe hayupo kujitetea. Hilo tutalisogeza kwenye banda la nyuma, akirudi atalihukumu mwenyewe. Anza na vyako."

Mama Itafaa akachukua birika lisilo na mfuniko. "Hili litafaa."

"Hiyo si sentensi."

"Kwa nini isiwe sentensi?"

"Litamfaa nani? Lini? Kwa kazi gani? Nipe sentensi kamili, nami nitalirudisha mwenyewe mahali pake."

Mama Itafaa akaligeuza birika. Akalichungulia ndani. Akaliweka birika mlangoni.

Wakaendelea hivyo. Kilichokuwa kikitumika, sentensi yake ilitoka bila kusukumwa: ndoo hii nadekia, pasi hii nanyooshea. Mwalimu hakubisha, ila aliuliza kinatumikia wapi, na kikapelekwa huko huko: ndoo bafuni, pasi kando ya meza yake. Kilichofaa zamani kilisema chenyewe kwamba kilifaa zamani. Shida ilikuwa wakati ujao. Mama Itafaa aliutetea mwanzoni kwa nguvu, kisha kwa aibu, kisha akaanza kuutania mwenyewe.

"Mwavuli huu utamfaa... mtu mwembamba sana, siku ya manyunyu, upande mmoja."

"Toa nje."

Na nje haikumaanisha uani. Mwalimu alijua kitu kikilala uani, asubuhi kinarudi ndani kwa miguu yake. Vipande vya vitambaa vilichukuliwa na fundi cherehani wa jirani, nyaya zikaenda kwa fundi redio, vingine vikapakiwa kwenye mkokoteni wa mkusanya vyuma aliyepita akiimba. Mkokoteni ulipoanza kuondoka, Mwalimu aligeuka akamkuta wifi yake getini, mkono mmoja nyuma ya mgongo.

"Unaficha nini?"

"Sifichi kitu."

"Mdomo wa birika unachungulia."

Likapanda mkokoteni.

Ilipofika alasiri korido ilikuwa na sakafu, na sakafu ilikuwa na rangi ambayo Mama Itafaa alikuwa ameisahau. Mwalimu akajikunja tena, akasukuma chuma. Kitandani, mlangoni, jikoni, konani. Konani kikagota.

Palikuwa na kabati la vyombo vya wageni. Sahani nyeupe zenye ukingo wa buluu, vikombe na visahani vyake, bakuli la mchuzi lenye mikono. Mama Itafaa alivipewa na mama yake siku anaolewa. Mwalimu safari hii hakudai sentensi. Alikaa sakafuni kupumzisha mgongo, akamwachia.

"Vitafaa," alisema Mama Itafaa kwa sauti ndogo. "Wakija wageni."

Kisha akaendelea mwenyewe, maana zoezi lilikuwa limeshamwingia. Wageni gani? Walikuja wengi: wa harusi ya binti, wa kumpa pole mumewe, huyu hapa sakafuni. Wote walikula kwenye sahani zilizobanduka kingo, kwa sababu hizi nzuri hazikufikika. Mbele ya kabati palikuwa na makopo.

"Wangekuja, vingefaa," alisema.

"Hiyo *nge*," Mwalimu alijibu taratibu, "ni ya jambo ambalo halipo."

"Najua, Mwalimu. Nilisoma." Akafungua mlango wa kabati. "Lete beseni. Hizi ndizo tutakazolia chakula kuanzia leo. Zile mbovu zitoke."

Walizipanga kwenye kichanja cha vyombo jikoni, zikatosha, kwa sababu zile za zamani hazikuwapo tena. Kabati tupu lilibebwa na seremala wa mtaani, aliyelitaka kwa ajili ya misumari na randa. Mwalimu akasukuma chuma tena. Kikapinda kona, kikaenda mpaka kikagusa ukuta wa msalani.

Mtaalamu wa viungo aliporudi alitembeza chuma mwenyewe, kwenda na kurudi. Aliinama mara moja tu, akakunja kizulia kilichokuwa mlangoni mwa msala. "Hiki kinateleza."

Mwalimu akamtazama wifi yake. Mama Itafaa alikipokea, akakitazama pande zote mbili, akakipeleka nje.

"Aje nyumbani," alisema yule msichana.

Fundi aliletwa siku iliyofuata. Alisimama mwanzo wa korido, amekishika chuma, akaangalia mbele muda mrefu.

"Nyumba imehama?"

"Nenda, mume wangu. Mbele hakuna kitu."

Akaenda. Chuma kiligonga sakafu, kikatulia, kikagonga tena, na sauti yake ilijirudia kama ya chumba kipya. Wanawake wawili walimfuata kwa mbali, mikono imenyooshwa, tayari kumdaka. Alipinda kona. Akaingia msalani, akafunga mlango. Wao wakasimama nje.

"Umefika?" aliuliza mkewe.

"Nimefika."

"Uko salama, kaka?"

"Jamani, mtaniacha nifanye kilichonileta?"

Mchana ule alikwenda msalani mara nyingi kuliko kibofu chochote kingeweza kudai. Mama Itafaa alikuwa jikoni akiosha vikombe vyenye ukingo wa buluu, akisikia kila safari ikipita nyuma yake. Hakumwambia aketi.